Kidole Mara Mbili

Niliitwa Mbambu kwa kuwa nilikuja wa nne.
Kwetu jina la msichana si pambo, ni foleni:
Masika, Biira, Kabugho, halafu mimi.
Paza sauti "Mbambu!" sokoni Mpondwe siku ya Ijumaa,
watageuka wanawake thelathini,
na mmoja atauliza umemletea deni lake.
Kwa hiyo sikuwahi kulionea wivu jina.
Nilichodhani ni changu peke yangu
ni kidole.

Kijana alikaa chini ya mwavuli wa njano
na kimashine kidogo kama kiberiti, taa ya kijani tumboni.
"Laini ya bure, mama. Kitambulisho tu, na gumba."
Nikaweka. Akatikisa kichwa.
"Haikushika. Chumvi imekula vidole vyako."
Kweli. Miaka kumi na saba naivua chumvi ya Katwe,
ziwa limenilamba mpaka mistari ya kiganja.
Akanifuta gumba kwa pindo la shati lake,
taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi,
nikaweka tena.
Nikamshukuru.
Hata ndizi nilimwachia, mbili.

Miezi mitano. Saa nane za usiku
simu ikatetemeka juu ya gunia:
*Ndugu mteja, mkopo wako wa laki nane na arobaini elfu
umepita muda.*
Nilicheka. Nikamwamsha Kule, mume wangu, tucheke wawili.
Kule hakucheka.

Kasese, dirisha la tatu.
Binti mwenye miwani aligeuza kompyuta nione:
laini mbili, Mbambu wawili,
siku moja ya kuzaliwa, namba moja ya kitambulisho,
uso uleule niliokunja kwa sababu ya jua.
Ila huyu wa pili hajawahi kubeba gunia.
Hakopi mchana.
Hana mtoto anayemdai ada.
"Mashine inasema ni wewe," alisema binti.
Nikamwekea mkono juu ya meza, autazame.
Akautazama. Akaniomba nijaze fomu.

Mwizi wa kuku huacha manyoya.
Huyu aliniacha mimi, mzima,
na risiti za nauli, na barua ya polisi
yenye muhuri uliofifia kuliko vidole vyangu.
Laini waliifunga. Deni, wanasema, bado linazungumzwa.

Masika wangu ametimiza kumi na minane,
kesho anafuata kitambulisho chake.
Namwambia nikimsuka, maana hapo hawezi kukimbia:
wakisema rudia kidole, uliza kwanza cha kwanza kimekwenda wapi.
Ukitoa nakala, andika juu yake kwa kalamu, palepale usoni,
*ya shule tu*, na tarehe. Wacha wakucheke.
Namba ya siri ifunike kama unavyofunika moto wa kuazima,
hata kwa mjomba, hata kwa mimi.
Kila mwezi iulize kampuni: jina langu lina laini ngapi?
"Mama, unaniumiza kichwa."
Sijui ni maneno au ni nywele. Naendelea kusuka.

Juzi simu ililia nikiwa mizani mkononi.
Sauti tamu, ya mtoto aliyelelewa akaleleka:
"Shangazi Mbambu? Kuna pesa imekuja kwako kwa makosa.
Umepokea tarakimu sita. Nisomee, haraka, shangazi,
mgonjwa yuko hospitali."
Tarakimu zilikuwa zimefika kweli. Niliziona.
Mteja wangu alikuwa anasubiri kilo mbili.
Ningekata, ndivyo ninavyomfundisha Masika.
Lakini nilimuuliza, polepole, kwa kuwa nilitaka kujua:
"Mbambu yupi?"

Akanyamaza.
Nyuma yake nikasikia mvua
ikipiga juu ya mwavuli.